Mstari Mwekundu Mezani kwa Dada

Machi 4, Alhamisi

Naandika kwa sababu mvua imenifungia ndani na Dada amechoka kunisikiliza. Atakayesoma ajue mapema kwamba bandari nilizokanyaga ni nyingi kuliko madarasa niliyokaa, kwa hiyo mwandiko ausamehe, lakini habari azipokee kama zilivyo. Nimefanya kazi melini. Nimeona theluji ikidondokea sahani yangu ya wali, nikala hivyo hivyo. Sasa nimerudi kukaa kwa dada yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, mwenye karakana ya kushona katika chumba cha mbele.

Leo amekata suruali ya mteja, mguu mmoja umetoka mfupi. Amesema kitambaa kilisogea. Hakikusogea. Nilikuwa nimekishika mimi.

Machi 6

Suruali imegeuzwa kaptula. Nimemwambia mteja huko ng'ambo ndiyo inayovaliwa. Ameondoka anatembea kwa maringo.

Machi 9

Seremala wa jirani amekuja tena na futi yake kuipima meza ya kukatia. Sijui anadhani inakua. Ni meza ya mbao nzito, pana, ndefu kiasi kwamba mimi na tumbo langu tunalala juu yake na miguu haining'inii. Tangu zamani anaitamani aifanye benchi lake la randa. Nikamwambia asubiri hadi nife. Akasema, "Baharia, si wewe. Dada yako ndiye aliyenipa ahadi."

Nikaenda kumuuliza Dada. Alikuwa anachana uzi, hakuinua uso. Alinieleza kana kwamba anaagiza chumvi: daktari wa macho amesema miwani imefika mwisho wake. Katikati ya jicho pameingia ukungu, pembeni bado pana nafuu. Kitu kikubwa chenye kung'aa anakiona. Chaki haioni tena.

Na bila chaki hakuna Dada. Katika karakana hii kila kitambaa huchorwa mistari miwili: mwekundu ndio wa kukata, mweupe wa ndani ndio wa kushona. Alifundishwa hivyo na aliyemfundisha, na hivyo ndivyo alivyomfundisha Mama Pacha, anayekaa kwenye cherehani. Nyekundu kata, nyeupe shona. Mimi mwenyewe niliijua hiyo kabla ya kujua kuhesabu.

Amesema atamaliza magauni ya wauguzi wa zahanati, basi. Mvua ikiisha meza inakwenda kwa Seremala, na yeye anakwenda kwa kaka yetu mkubwa, akakae kibarazani kutazama kuku. Nilicheka nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Machi 12

Jua lilitokeza kidogo kati ya mawingu. Mwanga ulipenya kwenye ufa wa dirisha, ukalala juu ya kitambaa kama uzi wa dhahabu. Nikamwona Dada, akidhani hakuna anayemtazama, ameuchukua mkasi na kuufuata ule mwanga. Alikata moja kwa moja bila kuyumba. Wingu likaja, mstari ukafa, naye akasimama palepale na mkasi wazi mkononi.

Nimepata wazo. Mimi mawazo hunijia yakiwa yamekamilika, kasoro vifaa tu.

Machi 15, Jumatatu

Vifaa vimepatikana. Mtunza stoo wa shule ya jirani alikuwa na projekta kuukuu iliyokaa chini ya madawati mabovu. Ameniachia kwa kupunguziwa suruali zake. Ni nzito kama jiwe la kusagia na feni yake inakohoa, lakini nilipoiwasha ilitupa mwanga ukutani hadi Mama Pacha akafumba macho.

Mpango wangu ni huu: mistari ya Dada ichorwe kwenye kompyuta, kompyuta iipe projekta, projekta iimwage juu ya kitambaa mezani. Mistari mikubwa, ya moto, haifutiki. Dada anakata mwanga.

Nilimweleza kwa kirefu. Nikamweleza pia kwamba melini mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonyesha mabaharia sinema. Akasema, "Nimesikia." Hilo ndilo jibu lake kwangu tangu utotoni.

Machi 17

Tatizo la matundu. Mpwa wangu, binti wa Dada, anayesomea uchoraji wa ramani za nyumba chuoni, ametuachia kompyuta yake ya zamani. Kompyuta ina tundu moja dogo bapa, la kisasa. Projekta mgongoni ina matundu ya enzi zake: moja pana la bluu lenye vitobo vidogo safu tatu, na matatu ya mviringo, njano, nyekundu, nyeupe. Hawa wawili ni sawa na mkwe na mkwe, wanaheshimiana lakini hawana la kuzungumza. Katikati lazima akae mkalimani.

Fundi Redio wa ng'ambo ya barabara ameniuzia kisanduku cheusi. Nimechomeka. Giza. Nimegeuza waya, nikapuliza matundu, nikapiga projekta kofi la upole. Giza.

Machi 18

Kisanduku ni cha kutafsiri kwenda upande mmoja tu, na ni upande usio wetu. Hiki hupokea picha ya kizamani na kuipeleka kwenye tundu la kisasa. Kwa sura ni ndugu pacha na kile tunachokitaka. Fundi Redio amesema nilipaswa kueleza. Nikamwambia nimezunguka nusu ya dunia na sikuwahi kukutana na mlango unaoingia usiotoka. Amenibadilishia.

Machi 20, Jumamosi

Mpwa amekuja. Ametandaza karatasi za kukatia za mama yake, akazipiga picha na kuzichora upya kwenye kompyuta, ubao mweusi, mstari mwekundu na mweupe kama ilivyo desturi ya nyumba. Ameweka pia mraba mweupe pembeni wa kupimia: futi ikikubali kwenye mraba, basi gauni zima limekubali.

Mimi nimepigilia rafu ukutani, projekta nikaikalisha juu yake, na mbele yake nikainamisha kioo cha wateja ili picha ianguke mezani. Picha ikatoka imegeuka, kushoto kulia. Mpwa akabonyeza mahali, ikageuka sawa. Wateja sasa wanajitazama kwenye sinia. Mmoja amelalamika kwamba amenenepa. Nimemwambia sinia haisemi uongo.

Mpwa alipoondoka alinivuta pembeni. "Mjomba, mama akishindwa safari hii hatajaribu tena. Usimfanyie mzaha." Nikamwambia mimi sijui mzaha. Alicheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Machi 23

Waya wa njano umeleta picha! Nimepiga kelele hadi Seremala akaja na nyundo akidhani kuna mwizi.

Kisha nikatazama vizuri. Picha inatetemeka kama imetoka kuoga kwenye baridi. Mistari miwili imevimba, imeungana, imekuwa mmoja mnene wa rangi ya nyama mbichi, upana wa kidole gumba. Dada akauliza akate ukingo upi. Nikapanda ngazi kuifuta lenzi kwa shati.

Machi 24

Mvua. Picha inatetemeka.

Machi 25

Mvua. Inatetemeka.

Machi 27

Seremala amepita na futi. Nimemfukuza kwa ufagio.

Machi 29

Fundi Redio anasema waya wa njano ni mfereji mmoja: rangi zote zinapita humo zikisukumana. Ila tundu lile la bluu lina njia ya kila rangi peke yake, nyekundu yake, kijani yake, bluu yake, ndiyo maana mistari yake hunyooka. Nitafute mkalimani mwingine, na kebo nene yenye pini. Mkalimani anaye, nimemchukua. Kebo hana. Mvua iliingia dukani, zimelowa.

Sitakubali kushindwa na kebo. Nimeshawahi kugombana na nahodha.

Aprili 1, Alhamisi

Kebo nimeipata kwa yule mtunza stoo, chini ya madawati yaleyale, imekunjwakunjwa kama utumbo. Nikachomeka, nikakaza skrubu zake mbili kwa kucha.

Ndugu zangu, mstari umetokea mwembamba, mkali kama wembe! Ule mnene umekonda hasa. Picha imeegemea kidogo kwenye ubluu, Mama Pacha akasema mbona kama ya chini ya maji. Nikamwambia ubluu hupumzisha macho, sinema za maana zote ziko hivyo. Nikaupima mraba kwa futi, ukakubali.

Dada alisogea, akainama, akageuza kichwa pembeni kama anavyofanya siku hizi ili aone kwa ukingo wa jicho. Alitazama muda. Akauliza taratibu, "Mistari yote ipo?"

Nilikuwa juu ya ngazi nafunga kebo kwa kamba. Nikamjibu bila kugeuka, "Yote ipo, tena imenyooka kuliko mimi."

Akasema, "Haya." Akachukua mkasi.

Aprili 3

Dada anakata. Mkasi unaimba. Paa linavuja karibu na kompyuta. Nimeifunika kwa nailoni na juu yake nikaweka koti langu la melini. Haionekani, lakini inapumua.

Aprili 6

Jora zima limekatwa. Mama Pacha anashona bila kuinua kichwa. Nimewasimulia jinsi nilivyoonyesha sinema katikati ya dhoruba. Hakuna aliyecheka mahali pa kuchekea. Dada amekuwa kimya mno. Anakula kidogo, anakwenda kulala mapema. Nadhani ni fahari: mkubwa hapendi kuokolewa na mdogo wake. Kwa kweli imeniuma. Mtu unajenga sinema nzima ndani ya nyumba, hata asante huioni.

Aprili 8

Mvua mchana kutwa. Dada hajaniambia neno.

Aprili 12, Jumatatu

Siku mbaya. Naandika yote.

Sista Mkuu wa zahanati alikuja na wauguzi wawili kupima magauni. Wa kwanza akaingia nyuma ya pazia. Tukasikia mapambano. Akatoka mkono mmoja umeingia na mwingine umekwama juu, kama anaomba ruhusa ya kuzungumza. Wa pili, mwembamba kama sindano, lake lilifunga lakini hakuweza kukaa. Nikataka kusema kitu cha kuchekesha, nikamwona Dada, nikaanza kuokota nyuzi sakafuni.

Mama Pacha alichukua futi. Akapima, akapima tena. Kisha akaleta karatasi ya zamani ya kukatia na kuilaza juu ya kipande ambacho bado hakijashonwa. Karatasi ilizidi pande zote. Akasema kwa sauti ndogo kwamba nafasi ya mshono haipo. Kitambaa kimekatwa kwenye mstari wa kushona, naye akashona ndani zaidi kama kawaida yake. Magauni yote yamepungua.

Sista Mkuu ni mtu muungwana. Alisema watasubiri, ila wasisubiri sana, maana wauguzi wanavaa viraka. Walipotoka, Mama Pacha naye akaaga, akijifanya ana mgonjwa.

Nikaanza: mraba niliupima, futi ilikubali, picha ilikuwa safi. Dada akaniacha nimalize. Halafu akasema:

"Mdogo wangu, mstari mwekundu sikuuona."

"Lini?"

"Siku ya kwanza. Nilikuuliza ukasema yote ipo. Nikajua basi, ni mimi. Macho sasa yanapoteza hata rangi. Nikakata ule niliouona, nikajidanganya kwamba huo ndio wenyewe. Niliona aibu kukuambia. Ulikuwa umefurahi mno."

Siku zote hizi nilidhani ananinunia, kumbe alikuwa amejifungia na hofu peke yake, anakula kidogo, analala mapema. Na mimi nilikuwa nadai asante.

Akaniambia nimwambie Seremala aje Jumamosi na mkokoteni.

Aprili 13

Sikumwambia Seremala.

Aprili 14

Dada kamwambia mwenyewe.

Aprili 16, Ijumaa

Nimeanza kufungua vitu ili meza itoke. Nilitoa koti langu juu ya kompyuta, nikatoa nailoni, nikafunua kifuniko nione kama imelowa. Ilikuwa bado inawaka. Na pale kwenye kioo chake, gauni la muuguzi, mstari mweupe, na nje yake, umekoza kama pilipili, mstari mwekundu.

Nikawasha projekta, nikatazama mezani. Mstari mmoja, wa kibluu.

Nikatazama kompyuta. Miwili.

Nilikaa chini. Nyekundu ilikuwa inatoka kwenye kompyuta na haifiki mezani. Yaani kuna mahali njiani imezama. Na Dada hakuona mstari mwekundu kwa sababu mezani haukuwepo. Mwenye macho mabovu alikuwa ndiye pekee aliyetazama. Mimi mwenye macho ya kuona nyota baharini nilijibu nikiwa nimempa mgongo.

Nikachomoa kebo, nikaielekeza dirishani. Safu tatu za pini nyembamba kama sindano za saa. Pembeni, pini ya kwanza kabisa ya safu ya juu, haipo. Imekatikia ndani, kimebaki kisiki. Njia ya nyekundu ilikufa chini ya madawati kabla sijapata habari yake.

Nilitaka kukimbia kumwambia. Nikafika mlangoni nikasimama. Nimemwambia mambo mengi mno mimi. Safari hii nikisema "ipo", atasema "nimesikia".

Kebo kwanza. Maneno baadaye, au yasiwepo kabisa.

Aprili 17, Jumamosi

Nimeamka kabla ya Seremala. Nimemwomba aje kesho. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Nipe leo tu, fundi. Kesho nitakusukumia mkokoteni mwenyewe." Alinitazama usoni, akaukalia mkokoteni wake. Akasema magurudumu yana kutu hata hivyo.

Nimetembea mtaa mzima kwenye mvua na kebo shingoni kama nyoka wa mganga. Fundi Redio alikuwa ameanika zile zilizolowa. Nikamlazimisha achomeke moja moja kwenye kioo chake kikuukuu cha kompyuta, mbele yangu. Ya kwanza ikatoa kijani. Ya pili ikatoa giza. Nyingine pini zake zimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Alisema ninamchosha. Nikamwambia bado hajachoka, nitamwonyesha kuchoka ni nini. Nikaenda kwa mpiga picha za pasipoti, kwenye duka la kutoa nakala, kwa mwenye ukumbi wa mikutano. Kila kebo niliihesabia pini zake dirishani, nikaijaribu kwenye kioo cha mwenyewe, nikatafuta kitu chekundu.

Ya mwenye ukumbi ilikuwa nzima. Hakutaka kuiachia. Nikamsimulia habari za bandari zangu hadi akanipa ili niondoke.

Aprili 18, Jumapili

Dada hakutaka kuingia karakana. Alisema amemaliza. Sikubishana. Nilimwomba tu aje anishikie kitambaa, maana nataka kukikunja na mikono haitoshi. Akaja akisonya.

Nilitandaza kitambaa cheupe. Nikafunga dirisha, nikawasha projekta kwa kebo ile ya zamani. Mstari mmoja, wa kibluu. Dada akasema, "Nimeshauona huo, yatosha."

Sikujibu. Nikachomoa. Nikachomeka ile mpya, nikakaza skrubu zote mbili. Nikarudi nyuma hadi ukutani na nikafunga mdomo. Mungu ndiye anayejua kilichokuwa kinapigana kutoka.

Ilichukua muda kukolea. Kisha ubluu ukaondoka, mstari ukawa mweupe safi. Dada alikuwa ameshaanza kukunja upande wake. Akasita. Akageuza kichwa pembeni. Akaweka kidole mezani, akakisogeza polepole hadi mwanga ukamkalia ukuchani.

"Hii nini?" akauliza.

Nikanyamaza.

"Nakuuliza, hii ni nini hapa?"

"Sema wewe, Dada."

Kidole kikafuata mwanga, bega, kwapa, ubavu, hadi mwisho wa gauni. Mwanga mwekundu ulikuwa unampanda mkononi kama bangili.

"Nyekundu," akasema. "Nyekundu ipo."

Ndipo nikamwonyesha kebo ya zamani. Haoni pini, kwa hiyo nilimpa aguse kwa ncha ya kidole, akakipata kile kisiki. Nikamwambia hakuna kilichopotea machoni mwake kilichozidi alichosema daktari. Kilichopotea ni pini moja, na kilichopotosha ni mdomo wangu. Alikaa kwenye kiti cha Mama Pacha, akakishika kichwa cha kebo muda mrefu. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika mbavu, akasema kumbe alikuwa ameshawachagulia kuku majina.

Aprili 20

Mama Pacha amerudi. Mgonjwa wake amepona ghafla. Magauni yanafumuliwa.

Aprili 26

Dada amepata dawa ya magauni yaliyopungua: kila ubavu anaingiza kipande kirefu cha bluu, kutoka kwapani hadi chini. Anavikata kwa mwanga, viwili kwa mpigo. Sista Mkuu amekuja, amewavalisha wale wawili, wameinama, wamekaa, wameinua mikono. Ameuliza kama anaweza kupata hivyo hivyo, na bluu yake, kwa zamu nzima. Nilitaka kumweleza bluu ilikotoka. Dada akanikanyaga mguu.

Aprili 30

Mvua nyepesi. Kila asubuhi kabla ya mkasi, Dada huniuliza mistari yote ipo, nami huteremka ngazini, natembea hadi mezani, natazama, ndipo najibu.

Mei 8, Jumamosi

Jua. Barabara imekauka na watoto wameivamia na mpira.

Seremala amekuja na futi yake. Kwa mazoea akaanza kuipima meza. Dada, bila kuacha kukata, akamwambia apime rafu ya projekta, maana aliyeipigilia ni baharia na imeinama kama merikebu. Seremala akapima rafu. Alisema mbao anayo, aliiweka kwa ajili ya miguu mipya ya meza, itafaa. Kabla ya kutoka akaupitisha mkono juu ya meza kama mtu anayemuaga ng'ombe.

Nilikaa mwisho wa meza nikishika kitambaa kisisogee. Nilikuwa kimya, maana siku hizi najizoeza. Dada akakata urefu mzima wa ubavu, akasimama kunyoosha mgongo.

"Mbona husemi kitu?" akaniuliza. "Hebu nisimulie ile ya theluji na wali."

"Unaijua, Dada. Umeshaisikia."

"Nilikuwa nasema nimesikia. Sikuwa nasikiliza."

Nikamuuliza nianzie wapi, bandarini au jikoni. Akainama tena juu ya mstari wake mwekundu, mkasi ukafunguka.

"Anzia popote," akasema. "Ila usiguse waya."